Wingu lililofuata mkondo

Jana mtoto wetu mdogo alinikuta nimefungua ramani ya bahari. Mnamjua, haulizi mara moja akaondoka. Akaweka kidole juu ya doa jeusi katikati ya rangi.

"Baba, hapa pana nini?"

"Mawingu. Setilaiti hii haioni bahari iliyofunikwa na mawingu, kwa hiyo tunapafuta."

"Nani anajua kama ni mawingu?"

"Kompyuta."

"Na kompyuta kaambiwa na nani?"

Nikajifanya naandika. Maana kuna mwaka ambao aliyeiambia kompyuta nilikuwa mimi.

Wasomaji wa siku nyingi mnaukumbuka ule mradi, na mnakumbuka nilivyokuwa nikiusifia. Swali lilikuwa moja tu: pale maji ya joto yanapokutana na ya baridi, fitoplanktoni huongezeka? Vitabu vilisema ndiyo. Vijimea hivi vya chembe moja vinahitaji mwanga, ambao uko juu, na naitreti, ambayo ni mbolea yao na kwa sehemu kubwa iko chini gizani. Kwenye mpaka wa joto bahari haitulii. Maji hupanda upande mmoja na kuzama upande mwingine, pengine makumi ya mita kwa siku, na yale yanayopanda huja na mbolea yake hadi kwenye jua.

Mimi nikapata hapana.

Nilikuwa nautazama ukingo wa kaskazini wa Mkondo wa Ghuba, mashariki ya Marekani, kwa picha za setilaiti ya Aqua, iliyorushwa mwaka 2002 na ambayo miaka ile ilikuwa ikipita mnamo saa saba na nusu mchana. Kwa pito moja unapata vyote viwili. Miali ya infraredi inakupa joto, ingawa ni la ngozi ya bahari tu, iliyo nyembamba kuliko unywele. Rangi ya maji inakupa klorofili, ile kijani iliyo ndani ya vijimea, kwa kuwa hiyo huinyonya bluu na kuuacha ukijani. Nikakokotoa wastani wiki baada ya wiki. Kwenye mipaka klorofili haikuwa nyingi kuliko kwingineko. Nikasimama mbele ya chumba kizima cha watu wanaonizidi umri na elimu, nikawaambia hivyo. Kuvipinga vitabu kuna utamu wake, siwafichi.

Kisha ukaja ule usiku. Nilikuwa nahakiki tarehe tu, wala sikuwa na shaka na lolote, nikafungua picha ghafi badala ya ile iliyochujwa mawingu. Ilijichora taratibu, mstari kwa mstari, kutoka juu. Bluu, bluu, bluu, halafu ghafla rangi ya chungwa, kama kitambaa kilichokatwa kwa wembe. Ukingo ulikwenda kidogo ukajikunja, ukatoa ulimi mrefu wa maji ya moto kuelekea kaskazini, na ule ulimi nao ukapinda ncha kama ndoana. Nyuzi nyembamba zilizunguka ndani yake. Nilikuwa nimeishi na bahari hii miezi mingapi? Sikuwahi kuiona hivyo.

Nikaiweka kando yake picha iliyochujwa ya siku ileile. Paliponipendeza palikuwa na utepe mweusi. Uliufuata ukingo kona kwa kona, ukaingia kwenye ulimi, ukapinda pamoja na ndoana.

Wingu gani hilo linalojua njia ya mkondo?

Kanuni niliiandika kwa mkono wangu: chukua pikseli tisa zinazopakana, zikipishana zaidi ya nusu nyuzijoto, hilo ni wingu, futa. Mawingu yana mabaka, bahari ni laini. Ni kweli karibu kila mahali, isipokuwa pale pekee nilipokuwa napatafuta. Na ili ramani zangu zilingane, nilikuwa nimekitumia kichujio hichohicho kwenye ramani za klorofili. Mipaka mikali yote niliifuta mwenyewe, ikabaki ile dhaifu, nami nikatangaza kwamba mipaka haifanyi kitu.

Nikakiondoa kichujio kwenye klorofili. Chini ya utepe kulikuwa na uzi wa kijani, upana wake pikseli tatu au nne, kila moja kama kilomita. Feni ya kompyuta ilikuwa ikivuma. Nikaifunga picha. Nikakaa. Nikaifungua tena, na uzi ulikuwa palepale. Kwa muda ambao sipendi kuutaja niliwaza kwamba hakuna mwingine aliyeuona.

Asubuhi nilisema. Yaliyofuata ni marefu na hayana ladha: kanuni mpya, picha zilezile upya, barua ya kukiri kwa wale wa kile chumba. Mmoja alijibu kwa neno moja, "Ahsante," na hadi leo sijui alilisemaje.

Jibu jipya likawa ndiyo, lakini ndiyo ya kuchechemea. Setilaiti huona kijani ni kingi kiasi gani, haioni kikikua. Pengine vijimea vilizaliana palepale. Pengine vilikulia mbali siku kadhaa kabla, mkondo ukavivuta ukavikusanya kwenye ule uzi. Vikipata mbolea leo huonekana baada ya siku kadhaa, na wakati huo ukingo umekwishahama. Tena kichujio changu kipya, kwa kuogopa kufuta bahari, kikaanza kupitisha mawingu ya kweli.

"Kwa hiyo hili ni wingu au siyo?" Mdogo wetu hakuwa ameondoa kidole.

Nikalikuza lile doa. Lilikuwa refu, jembamba, limepinda kidogo mwishoni. Nikaenda kuitafuta picha ghafi ya siku hiyo. Mpaka naandika haya bado inapakuliwa.