Singeli haipunguzwi kasi

Kila nikiaga kwamba nasafiri, swali la kwanza ni lile lile: "Unakwenda na nani?" Mama anauliza, majirani hapa Sinza wanauliza, na dirishani uwanja wa ndege naulizwa pia. Nikisema nakwenda peke yangu, mimi dijei wa singeli, muziki wetu wa kasi wa hapa Dar es Salaam, kupiga usiku kwenye nchi za watu, sura zinabadilika. Kaka zetu madijei wanapita dirisha hilo hilo na flashi zao mfukoni, hakuna anayewauliza. Kwa hiyo hii nawaandikia zaidi wadogo zangu wa kike mnaonitumia meseji mkitaka kujua Berlin ilikuwaje.

Kabla ya muziki kuna makaratasi. Visa ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, inataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, mahali pa kulala na barua ya mwaliko. Barua hiyo isome vizuri. Iseme wazi kwamba unakwenda kupiga muziki, nani analipia tiketi na malazi, unalipwa kiasi gani na lini. Mimi naongeza na langu: nani atanipokea, na nani atanirudisha ninapolala baada ya seti. Promota mmoja aliwahi kuniambia, "Wewe njoo tu, tutaelewana ukifika." Sikwenda. Ukiwa peke yako, karatasi ndiyo timu yako.

Nilifika siku moja kabla ya shoo kwa makusudi, nikapanda treni hadi Wedding, mtaa wa hapo hapo Berlin. Huko kuna eneo wanaloliita mtaa wa Kiafrika, na barabara zina majina kama Sansibarstraße na Ugandastraße. Nilichokifuata ni barabara moja iliyopewa jina zama za Wanazi kwa heshima ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Watu walipigania miaka mingi jina liondoke, na Agosti 2024 barabara ikagawanywa: upande mmoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke shujaa wa Namibia, na mwingine ni Maji-Maji-Allee. Mama yangu ni mzaliwa wa Songea. Nikampigia simu ya video.

"Shikamoo mama. Soma hicho kibao."

"Marahaba. Maji Maji? Si uko Ujerumani wewe?"

"Ndiyo niko Ujerumani, mama."

Akaniambia nisogeze simu karibu, akasoma tena herufi kwa herufi, kisha akamwita mama mdogo aje naye aone. Nilisimama pale barabarani mpaka bando likaisha.

Sasa ukumbini. Niliomba nipimiwe sauti mapema, milango haijafunguliwa, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Spika za kumbi za Berlin zimefungwa kwa ajili ya tekno, muziki wa dansi wa mashine unaopigwa sana huko: besi nene, inayokaa. Singeli inakimbia. Wimbo wa mapigo 240 kwa dakika ni mapigo manne kila sekunde, yaani kati ya pigo na pigo una robo ya sekunde tu. Besi ikijivuta, pigo la pili linalikuta la kwanza bado limejaa chumbani, na unachosikia ni ngurumo moja isiyo na ngoma ndani yake. Kinanda kinazama. Fundi mitambo alitazama mashine, imeandika 120, akadhani ndiyo kasi yenyewe. Programu nyingi za madijei zinaukata wimbo kama huu nusu. Nikamwekea dakika mbili asikie. Akatoka kwenye meza yake, akaja kusimama katikati ya ukumbi, akarudi bila neno akashusha besi na kupandisha sauti za kati. Kinanda kikatoka kikali, kama kinavyotoka Manzese kwenye spika za kukodi.

Watu wananishauri nianze taratibu ili Wazungu wazoee. Sikubaliani nao hata kidogo. Muziki huu umetoka kwenye mchiriku na vigodoro, ngoma za sherehe zetu za uswahilini, umelelewa Tandale, Manzese na Mburahati, na ulipoanza kusikika Ulaya, hasa baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa kazi za studio ya Sisso ya hapa Dar mwaka 2017, ulisikika kwa kasi yake ile ile. Kuupunguza ni kuwaambia wale vijana waliotengeneza kwamba walikosea.

Niliingia saa nane usiku. Aliyenitangulia alikuwa anapiga tekno. Nikaacha wimbo wake uishe kabisa, ukumbi ukawa kimya, halafu nikaachia kinanda peke yake, kisha ngoma zote kwa mpigo mmoja. Walisimama. Mbele kabisa alikuwepo dada mmoja mwenye fulana nyeupe, alitikisa kichwa akitafuta pa kuingilia, mara akaipata: anaacha pigo moja, anakanyaga linalofuata. Singeli ina milango miwili, ukishindwa kuifuata yote unaingia kwa nusu. Walio jirani naye wakaitazama miguu yake, wakaiga, na ikasambaa hadi nyuma. Kufika katikati ya seti kuna waliokuwa wanacheza kila pigo, jasho linawatoka. Kona ya kulia nikasikia mtu anapiga kelele kwa Kiswahili, "Ongeza dada, ongeza!" Nikaongeza.

Video sina ya kuwawekea. Mlangoni pale kamera za simu zinabandikwa stika, na kwa kweli naupenda utaratibu huo, kwa sababu watu wote walikuwa wanacheza, hakuna aliyenyoosha simu.

Malipo yaliyobaki yaliingia kabla sijapanda ndege, kama karatasi ilivyosema. Safari inayofuata ni Kampala, kwa basi. Promota ameshanitumia picha za spika, nami nimemjibu nikiomba namba ya fundi mitambo.