Nilivyojifunza kuhesabu pumzi

Nilipoanza mafunzo ya uhudumu wa dharura hapa Mombasa, kilichonitia hofu ni wingi wa magonjwa. Kiharusi, pumu, sumu za shambani, kifafa cha mimba, mshtuko wa moyo: kila kimoja kina sura yake kitabuni, na mgonjwa unayemkuta sakafuni hajui ni ipi. Kilichonipa pa kuanzia ni kipimo kisichotaka kifaa ila saa, yaani kuhesabu pumzi kwa dakika nzima.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukipitia fomu za wagonjwa utaona 18, 20, 18, 20, zimejazwa kwa kukadiria. Jambo hili linaniuma, kwa sababu pumzi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika mwili unapozidiwa. Damu ikipungua, oksijeni ikikosekana au asidi ikizidi, mtu huhema upesi wakati presha yake bado nzuri. Tuliwahi kumchukua kijana wa bodaboda aliyegongwa upande wa Likoni. Presha 118 kwa 76, anaongea vizuri, anauliza pikipiki yake iko wapi. Pumzi 32. Msimamizi wangu aliposikia nambari hiyo hakungoja nyingine. Tukampa oksijeni, dripu tukamwekea gari likiwa njiani. Hospitalini walikuta damu imejaa tumboni, akaingizwa thieta.

Kuhesabu kwenyewe kuna ufundi. Mgonjwa akijua unamhesabia, pumzi zake hubadilika. Kwa hiyo namshika kifundo cha mkono kana kwamba nasikiliza mapigo, nauegemeza mkono huo juu ya tumbo lake, macho yangu yako kwenye saa, na tumbo likipanda na kushuka nalihisi. Nahesabu sekunde zote 60. Ukihesabu 15 ukazidisha kwa nne, pumzi moja uliyoikosa imekuwa nne. Kwa mama aliyevaa buibui kifua hakionekani, na si heshima kumfunua mtu mbele ya kadamnasi. Naangalia kijishimo kilicho juu ya mtulinga, au namwomba nduguye wa kike aweke mkono wake tumboni, wangu nauweka juu ya wake. Mazoezi niliyafanyia kila mahali: abiria aliyesinzia kwenye matatu, watu waliokaa wakingoja feri, bibi yangu akijipumzisha baada ya chakula cha mchana.

Kazi iliyonithibitishia ilikuwa Kongowea. Msichana wa miaka 17, amelazwa mkekani, kajifunika leso, anahema kwa nguvu. Nyumba imejaa watu. Mmoja anasema ni wasiwasi wa mitihani, mwingine anasema amepandwa na mashetani, na jirani mwenye nia njema amempa mfuko wa karatasi apumulie humo. Mjomba wake yuko kichwani anamsomea. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mjomba, endelea kumsomea, sisi tutampima huku." Akasogea, akaendelea.

Mfuko niliuondoa kwanza. Nikahesabu: 36. Mtu mwenye hofu huhema juu juu, pumzi hazilingani, na ukizungumza naye hupungua. Huyu alivuta hewa mpaka chini kabisa, zote sawasawa, bila kupumzika, na maneno yangu hayakuzibadilisha. Oksijeni kwa kipimo cha kidoleni asilimia 98. Nikasikiliza mapafu mbele na nyuma, hewa inaingia safi. Ulimi mkavu, na kinywa kinatoa harufu tamu ya tunda lililochacha. Mapafu mazima, oksijeni tele, na bado anahema hivyo: basi mwili unatapika asidi kwa njia ya hewa. Nikamuuliza mama yake, "Mama, amekuwa akinywa maji sana siku hizi?" Akanitazama. "Mtungi haukai. Na usiku kucha ni kwenda msalani."

Nikamchoma kidole. Mashine ya sukari haikutoa nambari, iliandika HI, maana yake imepita kiwango inachoweza kusoma. Hakuna aliyejua kwamba binti ana kisukari, na kwamba ndicho kilichomjaza asidi. Tukamwekea maji ya chumvi ya mshipa kwa kipimo cha uzito wake, tukapiga simu hospitali wajiandae, nami nikaendelea kuhesabu njia nzima. Insulini hatukumpa. Hiyo hungoja potasiamu, madini ya damuni, ipimwe, kwa kuwa insulini huishusha, na ikishuka mno moyo unaweza kusimama. Ule mfuko wa karatasi bado naufikiria. Pumzi zile ndizo zilizokuwa zikimweka hai, na watu waliompenda walikuwa wakijaribu kuzipunguza.

Pumzi chache nazo zina habari zake. Kijana amelala maskani, wenzake wanasema unga umemlevya tu, ataamka. Ukihesabu unapata 6, mboni za macho zimefinyika. Huyo anapuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa kwanza, naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya unga huo, inafuata. Mtoto mwenye pumu aliyekuwa akikoroma kifua, mara kifua kikanyamaza, hajapata nafuu ikiwa bado anahangaika na midomo inabadilika rangi. Hewa haipiti kabisa. Na mtu aliyeanguka ghafla, haitikii, kisha anavuta hewa moja kubwa ya kukoroma, anatulia, anavuta nyingine: watu husema muacheni, anapumua. Hapumui. Moyo umesimama. Hapo sihesabu dakika, natazama kwa sekunde 10 zisizozidi, kisha nakandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzangu akileta mashine ya kushtua moyo.

Siku hizi wanawake wa mtaani kwetu huniita kuwatazamia watoto wenye kikohozi, na badala ya kuwahesabia nawafundisha wahesabu wenyewe kwa saa ya simu. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 kwa dakika, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60, au mtoto yeyote ambaye kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani kila akivuta hewa, asilale nyumbani.