Siku Moja Maishani Mwangu: Usiku wa Kupunguza Vikwara vya Jogoo

Saa 11:45 alfajiri

Nafungua mlango wa banda na kusimama pembeni. Huwa nawahesabu wakitoka: jogoo mmoja, mitetea 11. Leo mitetea waliotoka ni 10. Madoa amebaki pembeni karibu na viota, kajikunyata, bawa la kushoto limelegea kidogo.

Namwinua na kulifunua lile bawa. Chini yake, ubavuni, ngozi imechanika urefu wa kidole changu cha shahada. Kingo za jeraha ni safi na zimenyooka kama zilizopitiwa na wembe. Kuku mwenzake angemdonoa, jeraha lingekuwa la vitobo vitobo, tena mara nyingi karibu na mkia. Hili ni la kikwara, ile pembe inayoota nyuma ya mguu wa jogoo.

Wiki mbili nyuma niliona manyoya ya mgongoni mwake yamekatika, nikasema nitamshughulikia jogoo Jumamosi. Jumamosi ikapita. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza, maana dalili nilizijua.

Saa 12:30 asubuhi

Nachemsha maji, nayapooza mpaka yawe vuguvugu, natia chumvi kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita. Naosha jeraha polepole mpaka maji yanayotiririka yawe meupe. Nakata manyoya yaliyoingia ndani, kisha natazama vizuri: ni ngozi tu iliyopasuka, nyama haijaguswa. Ingekuwa imezama hadi kwenye nyama ningempeleka kwa daktari wa mifugo nisibahatishe.

Namweka peke yake kwenye kizimba kilichofunikwa wavu mwembamba. Sababu ni mbili. Kuku wakiona chekundu kwa mwenzao hawaachi kukidonoa, na nzi wakitaga kwenye kidonda cha wazi, funza hawachelewi.

Saa 2 asubuhi

Nawapa chakula, nabadilisha maji, nazoa kinyesi. Huku nikifanya kazi namtazama jogoo. Si mkorofi hata kidogo. Akipata mdudu huwaita mitetea, na mwewe akipita hupiga ukelele kabla sijamwona. Tatizo liko miguuni. Anatembea ametanua miguu, maana vikwara vimekuwa virefu na vimeanza kupinda ndani.

Jogoo anapompanda mtetea husimama juu ya mgongo wake, na ili asiteleze huchezesha miguu huku na huku. Kila akichezesha, ncha ya kikwara inapita ubavuni. Mtetea anayependwa na jogoo ndiye anayepandwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo ndiye anayeumia kwanza. Kwangu ni Madoa.

Mchana huu namtenga jogoo. Mayai ya kutotolesha hayataathirika, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu mwilini na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu wiki nzima na zaidi bila kupandwa tena.

Saa 7 mchana

Naokota mayai. Nachungulia kizimbani: Madoa amekula.

Saa 10 jioni

Natayarisha vifaa mapema: mkasi mkali wa kukatia kucha za mbwa, tupa yenye meno madogo, taulo, tochi, beseni, vitambaa safi na kibakuli cha unga mlaini wa wanga. Huo unga ni wa kuzuia damu. Uwe karibu na mkono kabla hujamshika ndege, kwa sababu damu ikishatoka hakuna muda wa kukimbilia ndani.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga niliambiwa njia rahisi: lainisha kikwara, kishike kwa koleo, zungusha, ganda lote litachomoka. Na kweli lilichomoka. Kilichobaki chini kilikuwa chekundu, laini, kinavuja damu, na yule jogoo alisimama kwa mguu mmoja siku mbili. Kikwara kina mfupa katikati, uliounganika na mfupa wa mguu, wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Juu yake ndipo kuna ganda gumu, la aina moja na kucha zetu. Ukilichomoa ganda lote, umemwachia ndege kidonda kibichi na maumivu. Sijarudia, wala simshauri mtu. Mimi napunguza ncha tu.

Saa 2 usiku

Nangoja giza kwa makusudi. Kuku gizani hutulia, unamchukua kama unachukua mto. Mdogo wangu anamfunga kwa taulo, mabawa yakiwa yamekunjwa, kichwa kimefunikwa.

"Usimbane kifua," namwambia. Kuku hupumua kwa kupandisha na kushusha kidari. Ukimkandamiza hapo anakosa hewa kimyakimya.

Miguu inakaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi ili ganda lilainike. Kisha namulika tochi kwa nyuma ya kikwara cha kulia. Jogoo huyu ana vikwara vyeupe, kwa hiyo kivuli cha mfupa kinaonekana, na mbele yake kuna sehemu angavu. Hiyo angavu ndiyo yangu. Kwa jogoo mwenye vikwara vyeusi huoni kitu, na hapo situmii mkasi kabisa, natumia tupa peke yake.

Nakata vipande vyembamba, milimita mbili mbili, na baada ya kila kipande natazama katikati. Pakiwa pakavu, rangi ya pembe, naendelea. Cha kulia nimetoa kama sentimita moja.

Cha kushoto, kipande cha tatu, naona kidoa cha waridi katikati. Naweka mkasi chini.

"Dada, hiki bado kirefu kuliko mwenzake."

"Kiache hivyohivyo."

Nakandamiza unga pale kwa kidole, dakika mbili nzima, ingawa damu haijatoka.

Kisha nachukua tupa, na hapa wengi wanakosea. Kikwara kilichokatwa na kuachwa hivyo kina kingo kali kama chupa iliyovunjika, kinachana kuliko hata mwanzo. Nasugua kuelekea upande mmoja mpaka ncha iwe mviringo kama kichwa cha kidole gumba, nikiipitisha kwenye ngozi ya mkono wangu kuipima. Nagusa na ncha za kucha za vidole kidogo, maana hizo nazo huchana migongo. Naziangalia na gamba za miguu: zimelala vizuri, hazijanyanyuka, hakuna dalili ya utitiri.

Tunamrudisha juu ya fito yake. Anajikung'uta mara moja, anakunja shingo.

Saa 4 usiku

Narudi na tochi, nikiifunika kwa vidole ili mwanga usiwaamshe wote. Unga kwenye kikwara cha kushoto bado ni mweupe. Naandika kwenye daftari tarehe ya leo, na tarehe ya kumkagua tena baada ya miezi miwili. Kizimbani Madoa amelala ameinamisha kichwa ndani ya manyoya, bawa la kushoto amelikunja mahali pake.