Msimjazie nil kabla ya kuona pasipoti yake

Juni imepita, na tarehe 30 yake ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani, yaani maelezo ya mapato ya mwaka, kwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Kazi yangu ni kuwajazia watu ritani hizo, na sasa waja wa baada ya tarehe. Wengi hawaji kwa shida zao wenyewe. Ni mama, shemegi, ami, au kaka aliyeachiwa nakala ya kitambulisho na paswadi iliyoandikwa nyuma ya daftari la shule. Mwenye PIN, yaani namba ya mlipa ushuru, yuko Doha, Jeddah, Muscat au Uingereza, na kabla sijafungua kompyuta nishaambiwa: "Mfanyie tu nil, dada. Yeye hayuko hapa."

Nil, yaani ritani ya kusema hukupata kitu, siifanyi. Najua aliyetumwa amefunga duka au ameomba ruhusa kazini ndipo akaweza kuja Majengo kukaa kwenye benchi yangu, na yaniuma kumrudisha bila karatasi. Lakini kutokuwapo hapa peke yake hakumwondolei mtu ushuru, na mara nyingine hakumletei ule ushuru anaouogopa. Yategemea ni mwaka gani, aliondoka tarehe ngapi, alirudi lini, na aliacha nini nyuma. Kila mwaka una jawabu lake. Kwa hivyo kitu cha kwanza ninachoomba si paswadi. Naomba picha za kurasa za pasipoti zenye mihuri.

Sababu ni hii. Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya yamwangalia mtu kama ni mkaazi au si mkaazi, mwaka baada ya mwaka, Januari hadi Disemba. Mwenye makao ya kudumu hapa akiwapo nchini muda wowote ndani ya mwaka ule, hata wiki moja ya Idd, ni mkaazi wa mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa siku: 183 au zaidi katika mwaka huo, au awe alikuwapo mwaka huo na miwili iliyoutangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mkaazi huhesabiwa mshahara wake wa hapa na wa ng'ambo. Asiye mkaazi haulizwi mshahara wa kazi aliyoifanya nje. Huulizwa alichokipata Kenya tu.

Chukua binti aliyekwenda Jeddah kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani, akaondoka Septemba 2022, akarudi Septemba 2024. Mwaka 2023 wote hakukanyaga hapa. Mwaka huo si mkaazi, na kama hakuwa na pato lolote Kenya, nil ni haki yake. Lakini 2022 na 2024 alikuwapo kipande cha mwaka, na kama makao yake ni kwa mamake Kisauni, hiyo ni miaka ya kukaa chini na kuhesabu. Wala hesabu yenyewe si ya kutisha. Mapato ya hadi shilingi 288,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 28,800, na nafuu ya mkaazi, yaani anachopunguziwa kwenye ushuru, kwa mwaka ni hiyo hiyo 28,800. Mshahara wa miezi mitatu minne ya Jeddah, kama ule wa 2022, mara nyingi haufiki hapo; ule wa 2024, wa miezi kama minane, hujumlishwa kwanza uonekane. Usipozidi hapo, anaandika alichopata, ushuru unatoka sufuri, na sufuri hiyo ina maelezo nyuma yake. Nil ni kusema hukupata kitu. Akiulizwa kesho pesa za kiwanja zilitoka wapi, ya kwanza atajibu nayo, ya pili itamfunga mdomo.

Najua watu huharakia nil kwa kuogopa faini. Kwa mtu binafsi, ritani iliyochelewa yatozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Kama kuna ushuru wenyewe haujalipwa, huongezwa asilimia 5, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi. Inaudhi, hasa miaka ikirundikana. Lakini ilinganishe na maelezo ya uongo: yaliyofanywa kwa makusudi hutozwa asilimia 75 ya ushuru uliopungua. Elfu mbili naweza kumwambia mama yeyote alipe, nikamtazama usoni. Hiyo nyingine siwezi kumbebesha mwanawe aliye mbali, asiyejua hata kilichoandikwa kwa jina lake.

Mwaka wa kuondoka ndio unaoharibiwa sana. Kuna binti wa Likoni aliyekuwa mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Msimu wa wageni ulipopungua, Aprili 2023, mkataba wake ukaisha. Akakaa nyumbani akingoja viza, na akapanda ndege ya Doha kabla ya mwaka mpya, kazi ikaanza Januari. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, kakake akaingia saiba na kumjazia nil ya 2023. Kwa nia njema kabisa. Alijua dadake hana kazi tangu Aprili.

Sasa tazama. Ile hoteli ilikuwa imepeleka PAYE yake, yaani ushuru ambao mwajiri huukata kwenye mshahara, kila mwezi, na PIN yake imo kwenye orodha ya mwajiri. Kwa hivyo nil yake yapingana na rekodi iliyoko huko huko KRA. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililonifanya nimpigie simu usiku ule ule. Tuseme mshahara ulikuwa 50,000, nikiweka kando NSSF na makato mengine ili hesabu ionekane. PAYE ya mwezi: 24,000 za mwanzo kwa asilimia 10, zinazofuata 8,333 kwa 25, zilizobaki kwa 30. Utoe nafuu ya 2,400, wafika kama 7,383 kwa mwezi. Miezi minne, 29,533. Lakini viwango hupimwa kwa mwaka mzima, na mapato yake ya mwaka mzima ni 200,000 tu, yote ndani ya asilimia 10. Ushuru ni 20,000. Hata ukimpa nafuu ya miezi minne peke yake, 9,600, anabaki na 10,400. Alikatwa karibu elfu 19 zaidi ya haki. Anadai yeye, hadaiwi! Na ile nil imemfungia mlango wa kudai.

Unafunguka, alhamdulillahi. Ritani iliyokwisha kupelekwa yaweza kurekebishwa na mwenyewe ndani ya miaka mitano, na ombi la kurudishiwa ushuru wa mapato uliolipwa kupita kiasi nalo lina miaka mitano. Tulimwandikia mhasibu wa hoteli, akatuma P9, karatasi ya mwajiri yenye mshahara na PAYE ya mwaka, kwa WhatsApp. Nikajaza mshahara kwenye sehemu F ya fomu, PAYE iliyokatwa kwenye sehemu M, na hesabu ikatoka na alama ya kutoa mbele yake. Kakake alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Aliitazama ile tarakimu muda, kisha akaniomba nimwonyeshe tena tangu mwanzo, hatua kwa hatua, ili ajue. Namheshimu sana kijana yule kwa hilo.

Si kila faili ina habari njema. Bwana mmoja wa Bombolulu anafanya kazi Muscat, na kila mwaka huja likizo. Nyumba ni yake, mkewe na watoto waishi upande mmoja, na upande wa pili kuna vyumba sita vya kupangisha. Mamake ndiye anayekusanya kodi, 5,000 kila chumba. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Kodi ya nyumba ya mkaazi ikizidi 288,000 kwa mwaka na isipite milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 ya yote iliyoingia, bila kutoa gharama za rangi wala fundi wa bomba, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwake ni 2,250 kila mwezi. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10. Yeye hakuwa amelipa hata mwezi mmoja, kwa kuamini kwamba ushuru ni wa walio nchini.

Alipoelewa hilo akauliza swali la busara: "Na nikisema mimi si mkaazi?" Nikamweleza kwamba hilo halichaguliwi, lasemwa na mihuri na nyumba. Na hata lingechaguliwa, kodi ya nyumba ya asiye mkaazi hutozwa asilimia 30. Upande wa pili ni huu: akiwa mkaazi, mshahara wa Muscat wahesabiwa. Mkenya aliyelipa ushuru wa mshahara ng'ambo huruhusiwa kuutoa katika ule wa hapa, lakini yeye kule hakukatwa kitu, kwa hivyo hana cha kutoa. Hapo alinyamaza. Nilimwambia ukweli wote kabla hajalipa hata senti ya kazi yangu, kwa sababu mtu ana haki ya kujua ukubwa wa jambo kabla ya kulifungua. Mimi naona sheria hii inawalemea watu wa Ghuba, wanaoacha watoto nyumbani na kulala sita chumba kimoja, na ningependa wabunge wetu wa Pwani waizungumze bungeni. Lakini kuona kwangu hakubadilishi fomu. Tumeanza na kodi ya nyumba, mwezi kwa mwezi kutoka nyuma, kisha mishahara yake mwaka mmoja mmoja.

Mamake ndiye aliyekuwa na hofu zaidi ya wote. Alidhani pesa anazotumiwa na mwanawe kwa M-Pesa zitahesabiwa kuwa pato lake. Sivyo, mama. Msaada wa mtoto kwa mzazi si mapato ya mzazi. Hilo nalirudia kwa sauti ofisini karibu kila siku, na naliandika hapa kwa yeyote aliye na mama anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Wa Uingereza shida yao ni kalenda. Mwaka wa ushuru wa kule waanza Aprili 6 na kwisha Aprili 5, na ile karatasi yao ya mwisho wa mwaka, P60, yafuata hizo tarehe. Wetu ni Januari hadi Disemba. Muuguzi akinitumia P60 peke yake siwezi kujua kiasi gani ni cha mwaka gani. Nataka payslip za kila mwezi. Wao angalau ushuru wa kule hukatwa kweli, na ushahidi ukiwapo hutolewa kwenye wa hapa.

Kazi ngumu hasa si hesabu, ni kumpata mtu. Anayefanya kazi ya nyumba Saudia hushika simu akimaliza vyombo, na ikiwa ni Ramadhani huenda ikawa karibu na daku. Nami huwa macho. Natuma maswali kwa sauti, moja moja, mafupi, kwa maana wengine hawana muda wa kusoma barua: uliondoka tarehe gani, ulikuwa na kazi kabla, una nyumba au shamba la kukodisha, una hisa au sacco, kuna mtu anayefanya biashara kwa PIN yako? Swali la mwisho watu hushtuka nalo. Liulize. Ndugu hutumia PIN ya aliye mbali kuandikishia gari au kuchukulia kazi ya tenda, na jibu lake hubadilisha ritani nzima.

Tena kuna barua pepe. Wengi waliandikisha iTax, mtandao wa KRA wa kupelekea ritani, kwa barua pepe ya kazini au iliyofunguliwa na kijana wa saiba, na paswadi ikipotea, mpya hupelekwa huko huko. Namba ya simu nayo, laini ikikaa muda bila kutumika hukatwa na kupewa mtu mwingine. Ndipo mtu asiye na deni lolote anapitiliza Juni tatu kwa kukosa tu pa kuingilia.

Waliokuwa wakingoja msamaha, ule wa mwisho ulifungwa Juni 30, 2025. Ulihusu riba na penalti za madeni ya hadi Disemba 2023, kwa aliyelipa ushuru wenyewe. Msikae mkingoja mwingine kwa uvumi wa vikundi vya WhatsApp. Kila mwezi una riba yake.

Na wewe ambaye viza imetoka na watafuta sanduku Marikiti, fanya haya wiki hii. Ingia iTax, weka barua pepe yako mwenyewe na namba utakayoendelea kuwa nayo. Iombe P9 kabla hujarudisha sare ya kazi, maana mhasibu akishabadilishwa, utaitafuta kwa taabu. Kama una vyumba, mwonyeshe anayekusanya kodi jinsi ya kuandika risiti na kulipa kila tarehe 20. Piga picha kila muhuri wa pasipoti, kwenda na kurudi, na pale uwanja wa ndege wasipopiga muhuri, hifadhi tiketi. Paswadi usimwachie mtu kwenye daftari. Ndani ya iTax kuna mahali pa kumteua wakala aliyeidhinishwa, na unaweza kumwondoa siku utakayotaka.