Vita vingi vinaletwa na haraka, mi ndo naona hivyo

Ukiuliza watu vita vinatokana na nini utaambiwa mafuta, ardhi, dini, uroho wa viongozi, na yote hayo yapo sikatai, ila nchi zinazogombania ardhi na maji ziko kibao na nyingi miaka nenda rudi hazijapigana. Ugomvi unageuka vita pale kila upande unapoogopa mwenzie atamuwahi, afu muda wa kuongea ukaisha, afu hamna pa kurudi nyuma bila kuaibika.

Chukua 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyoanza. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, kauawa Sarajevo tarehe 28 Juni. Karibu mwezi unapita, tarehe 23 Julai Austria-Hungaria, ikiilaumu Serbia kwa mauaji yale, inawapelekea masharti na masaa 48 tu ya kujibu, masaa 48 jamani, kwa jambo lililokuja kuua mamilioni! Serbia wakakubali karibu yote, hata Kaiser Wilhelm wa Ujerumani alipolisoma lile jibu akaona sababu ya vita imeshaondoka, ila siku hiyohiyo, 28 Julai, Austria-Hungaria ikatangaza vita. Urusi, mtetezi wa Serbia, ikaita jeshi lake lote, Ujerumani ikaona ikichelewa imekwisha. Na hapa ndo panaponiuma, tarehe 1 Agosti Kaiser akapata tumaini kwamba Uingereza na Ufaransa zitakaa pembeni, akataka jeshi lote ligeuzwe liende upande wa Urusi tu, mkuu wake wa majeshi Moltke akamwambia haiwezekani, mpango mzima umeshapangwa kwenda magharibi kuipiga Ufaransa mpaka ratiba za treni. Yaani mfalme mwenyewe anataka kupunguza vita anaambiwa treni zimeshapangwa! Siku tatu baadaye Uingereza nayo ilikuwa ndani.

Sasa njoo Oktoba 1962, makombora ya Wasovieti yako Cuba. Majenerali wa Marekani walitaka Cuba ipigwe, Rais wao Kennedy akachagua kuizuia kwa meli za kivita, maana meli ikikaa baharini inampa Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, siku za kufikiria, bomu likishadondoka halimpi kitu. Mwisho Khrushchev akakubali kuyaondoa, Kennedy akaahidi hadharani kutoivamia Cuba, na chini kwa chini akakubali kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Kuna wanaouona ule ni unafiki, mimi nauunga mkono kabisa, kiongozi ukimbana aaibike mbele ya dunia nzima atachagua kupigana. Kilichowatisha wote ni kwamba ujumbe ulikuwa unachukua masaa kufika na kutafsiriwa, ndo maana Juni 1963 wakasaini kuweka laini ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, na haikuwa simu kama wengi wanavyodhani, ilikuwa ya maandishi, ili mtu asome vizuri na atafsiri kabla hajajibu.

Wengine watasema Umoja wa Mataifa hauna meno. Kwa zile nchi tano zenye kura ya veto, yaani ya kuzuia uamuzi, ni kweli kabisa na inasikitisha. Ila hata mahakama peke yake haitoshi, Ethiopia na Eritrea walipigana 1998 mpaka 2000 sababu kubwa ikiwa Badme, mji wa mpakani, tume ya mipaka ikatoa uamuzi Aprili 2002, Ethiopia ikaja kuukubali bila masharti 2018. Miaka yote hiyo majeshi yanatazamana!

Mwaka huohuo 2002, mwezi wa kumi, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema Bakassi, rasi iliyogombaniwa na Cameroon na Nigeria, ni ya Cameroon, Nigeria hawakuipenda hata kidogo na majeshi ya nchi hizo mbili yalikuwa yameshapigana pale. Lakini Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alikuwa ameshawakalisha Paul Biya wa Cameroon na Obasanjo wa Nigeria, marais wao, hata kabla ya hukumu, ikaundwa tume ya pamoja, vikao mara Yaoundé mara Abuja, 2006 wakasaini makubaliano ya Greentree, wanajeshi wakaanza kuondoka, Agosti 2008 eneo lote likakabidhiwa. Na Wanigeria waliokuwa wanaishi pale hawakufukuzwa kwa amri ya siku mbili, waliwekewa miaka 5 ya mpito yenye utaratibu wake. Najua kuna wenyeji waliumia na wengine mpaka leo hawajaridhika, ila mzozo ule ulikuwa na mafuta, samaki na majeshi ya nchi mbili, na hawakuingia kwenye vita kamili.