Kutoka Nyabugogo hadi Huye

Basi liliondoka Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, saa mbili asubuhi, likavuka Mto Nyabarongo na kuanza kuzunguka vilima kuelekea kusini. Mkobani nilikuwa na nakala ya sheria iliyounda ile mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, ibara ya 6, ile ya nani anawajibika, nikiwa nimeikunja pembe.

Muhanga tulisimama kidogo, abiria wakanunua maji na sambusa. Mji huu uliitwa Gitarama, na ndiko serikali ya mpito ilikohamia tarehe 12 Aprili 1994. Rais wake, Théodore Sindikubwabo, daktari wa watoto aliyekuwa spika wa bunge, alikuwa ameapishwa siku tatu tu kabla, na wengi humtaja hadi leo kuwa rais wa jina. Kisheria hilo si jambo dogo. Aya ya 3 ya ibara ile humtia hatiani mkuu asiyewazuia walio chini yake, lakini huyo lazima awe na watu wanaomtii kwelikweli; ndiyo maana Milan Milutinović, aliyekuwa rais wa Serbia, aliachiwa huru na mahakama ya Yugoslavia ya zamani huko The Hague mwaka 2009, majaji walipoona kwamba jeshi halikuwa mikononi mwake. Hata hivyo aya ya 1 haiulizi una askari wangapi, bali kama ulipanga, ulichochea, uliamuru au ulisaidia, na aya ya 2 inakataa cheo cha mkuu wa nchi kiwe kinga au sababu ya kupunguziwa adhabu.

Huye, iliyokuwa Butare, ndiko rais huyo alikohutubia tarehe 19 Aprili, baada ya mkuu wa mkoa pekee aliyekuwa Mtutsi kuondolewa. Aliwakemea watu wa “ntibindeba”, yaani hayanihusu, na kuwahimiza “kufanya kazi”, neno ambalo siku zile kila mtu alijua maana yake: kuua Watutsi. Kesho yake Rosalie Gicanda, malkia Mtutsi, mjane wa mfalme wa zamani wa Rwanda, asiye na mamlaka yoyote, aliuawa mjini humo humo.

Waziri mkuu wa Sindikubwabo, Jean Kambanda, alikiri makosa Arusha mwaka 1998 akafungwa maisha. Sindikubwabo mwenyewe alifia uhamishoni bila kushtakiwa.

Tulipokuwa tukishuka, nilimwuliza mzee niliyeketi naye kama yule rais alikuwa na nguvu kweli.

“Huko Kigali sijui,” alinijibu kwa Kiswahili cha polepole, akiteremsha gunia lake. “Hapa alisikilizwa, mwanangu. Alikuwa mtu wa hapa.”