Mwandiko wako mzuri, mpwa wangu

Yaani tangu ule mkutano wa uchaguzi wa tawi letu la chama sijalala vizuri, na sio kwa sababu nimekosa uenyekiti, hilo limeshapita, aliyepata kapata na nimempa mkono. Ni lile neno la mjomba. Mjomba mnamjua, yule mwenye kadi yake ya TANU mpaka leo, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti za korosho. Kabla kura hazijapigwa akanyanyuka, akaegemea bakora, akasema mbele ya watu wote, "Mpwa wangu huyu ana mwandiko mzuri jamani. Sasa tukimkalisha mbele, nani atatuandikia?"

Watu wakapiga makofi, na wamefurahi kabisa! Mi niko pale na kaunta buku mapajani, naandika muhtasari wa mkutano ambao mwenyewe nagombea, ikabidi na hilo niliandike. Nikaandika, "Mjumbe mmoja alishauri mgombea aendelee na kazi ya uandishi." Hata karatasi za kura nilikata mwenyewe usiku dukani, kwa rula na wembe, ili zilingane mtu asije akasema kuna karatasi ina alama.

Na kwetu huku Mtwara mjomba sio mtu wa kusema aah mwache mzee aongee. Kaka wa mama ndo mwenye neno, kwenye posa yeye, kwenye msiba yeye, mi natoka unyagoni ni yeye aliyeninunulia doti ya khanga. Akishasema, robo nzima ya waliokaa pale ni wapwa zake, unategemea wafanye nini?

Mkutano ulipoisha nikamfuata pale kwenye mwembe. Nikamwambia, mjomba, kwani hukutaka nipate? Akanishangaa. Akasema, "Mwanangu, nimekusifia mbele ya watu, ulitaka nini tena?" Na alimaanisha, nilimwona machoni, hakuwa na baya lolote. Hapo ndo panaponiuma zaidi, maana angekuwa na fitina ningejua pa kumshika. Nimebaki kimya, nikamshikia bakora akafunga kiatu. Tangu siku ile nikiwa natoa fotokopi, nikiwa naosha vyombo, najibu, mjomba nilitaka unisifie kwa ninayoyasema, mbona mwaka mzima nasimamia habari ya ule mtaro unaojaza maji nyumba za watu, hilo hukuliona, umeona mwandiko? Wifi kajifungua mapacha hospitali ya Ligula wiki hiihii, baba watoto karudi toka Dar na gari bovu, yote hayo nimeyapita kama mtu anayetembea usingizini.

Kuna wanaoniuliza tawi unaling'ang'ania la nini, posho hamna, soda yenyewe mnachangishana. Jamani, nchi hii huwezi kugombea hata uenyekiti wa mtaa bila kudhaminiwa na chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania mahakamani mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na mpaka leo mgombea binafsi hatuna. Kwa hiyo uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024, majina tuliyoyakuta kwenye karatasi yalishapita kwanza kwenye vikao kama hivi vyetu, watu wachache, mkeka na benchi. Usipokuwepo pale, wenzio wanakuchagulia. Mi mwaka huohuo wa 2013, mji ulivyochafuka kwa ajili ya bomba la gesi, tulijifungia ndani na mama tunasikia mabomu ya machozi, na kitu nilichojiambia ni kwamba nikiwa mtu mzima nataka kuwepo mahali mambo yanapozungumzwa kabla hayajafika barabarani. Bado nataka.

Sasa juzi kaja dukani yule bibi wa vitumbua, anataka kopi ya kitambulisho. Nikamtolea, hajaondoka. Akainama kwenye kaunta akasema, "Sisi wa kwenye mkeka tulikupigia wewe, wote." Halafu akasema, "Safari ijayo hilo daftari mpe kijana. Wewe kaa mikono mitupu."

Mikono mitupu! Nilicheka peke yangu mpaka mteja akageuka. Jioni ileile nikamwita kijana mmoja wa bodaboda, kamaliza fomu foo na hana kazi na akili yake, nikamkalisha, nikamwonyesha waliohudhuria unaandika hapa, waliotoa udhuru hapa, yatokanayo na kikao kilichopita usiruke hata kama mwenyekiti ana haraka. Mwandiko wake mbaya kweli, lakini anasomeka. Kikao kijacho anaandika yeye, nimeshamwambia katibu, na mjomba nitamwambia mwenyewe nikimpelekea dawa zake.

Ila leo nina jingine. Mama kapiga toka Nanyamba, mikorosho imeanza kuchanua na unga mweupe ushaonekana kwenye maua, ugonjwa wa ubwiriunga huo, na salfa, dawa yake ya kupulizia, hajapata. Kwenye chama cha msingi cha ushirika wanamwambia jina lake halipo kwenye orodha, wakati mwaka jana alichukua na kusaini. Ua likishakauka hakuna korosho pale, na bati za nyumba yake tulipanga zitoke humohumo. Kesho nafunga duka napanda gari la kwanza, na kama kuna mtu ana mashine ya kupulizia ya kukodisha maeneo yale aniambie bei leo hii tafadhali.